Usimpe Maziwa

Paa wetu hakumaliza siku tatu.

Kaka yangu alimkuta amejikunja kwenye nyasi, shambani kwa babu kule Kinango, siku za kupalilia mahindi. Alikuwa mdogo kuliko paka wa jikoni, macho yamejaa uso mzima, masikio ameyalaza nyuma. Aliponyanyuliwa hakulia wala hakurusha miguu. Kaka akamviringisha kwenye shati lake akaja naye mbio hadi uani, akatangaza kwamba mamake kamtupa. Hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Bibi alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Tukachemsha, tukapoza, tukatia kwenye chupa ya dawa ya kifua, mdomoni tukafunga kitambaa ili apate pa kunyonya. Na alinyonya! Tulipiga makofi. Usiku ule akaanza kuhara. Kesho yake, kwa kuwa tulimwona amesinyaa, tukamwongezea maziwa. Asubuhi ya siku ya tatu tulimkuta kikapuni amekauka, ncha ya ulimi iko nje. Tulimzika chini ya mkorosho, kaka akasoma Fatiha kama alivyosikia wakubwa wakisoma makaburini. Nilikuwa na miaka 8, na kwa zaidi ya miaka 20 baadaye niliamini kwamba tulifanya la kufanya ila Mungu hakupenda.

Siku hizi nauza mbaazi na mahamri kando ya barabara ya Diani. Kati ya wateja wangu wa asubuhi yumo kijana anayefanya kazi ya kutibu wanyama wa mwituni. Siku moja, kibanda kikiwa kitupu, nikamsimulia habari ya paa wetu. Nilitaraji pole. Akaweka kikombe chini.

"Mlimwona mamake amekufa?"

"La."

"Mtoto alikuwa analia?"

"Kimya kabisa."

"Ana jeraha?"

"Hana."

"Basi, dada, yule hakutupwa. Mlimwiba."

Nikageukia karai nikajifanya nashughulika na mahamri.

Akanieleza taratibu. Paa, swala na jamaa zao wengi humficha mtoto wiki za mwanzo. Mama humlaza kwenye nyasi au chini ya kichaka, akaenda kula mbali naye, akawa anarudi mara chache kwa siku kumnyonyesha. Si uzembe. Mtoto wa siku chache hawezi kumkimbia mbweha wala kicheche, ila anaweza kunyamaza, na harufu yake ni hafifu sana. Mama ndiye mwenye harufu, kwa hiyo anakaa mbali ili asimvutie adui. Mtoto akishikwa hata na binadamu hajitikisi, maana kutulia ndiyo kinga pekee aliyopewa. Sisi tulikiona kile kimya tukakiita upweke. Na sungura wa porini ni vivyo hivyo: mama huwaacha wanawe peke yao mchana kutwa, huja kuwanyonyesha gizani.

Kaburi la chini ya mkorosho nilishalizoea. Kinachonisumbua mpaka leo ni jioni ile. Yule mama alirudi, akaenda hadi pale pale alipomlaza mwanawe, akakuta nyasi zimelala.

Kwa hiyo ukimkuta mtoto wa mnyama yuko peke yake, jambo la kwanza ni kurudi nyuma. Rudi mbali hasa, si hatua mbili ukasimama na simu unapiga picha, kwa kuwa mama hatakuja ukiwa umesimama pale. Mwite mbwa wako. Kumbuka mahali penyewe: mti gani, jiwe gani. Kisha mpe muda, ikibidi mpaka jioni, mpaka kesho asubuhi. La kukufanya uingilie lazima ulione kwa macho yako: mzoga wa mama hapo karibu, damu, mguu uliovunjika, nzi au siafu mwilini mwake, au mtoto anayezurura akilia saa nenda saa rudi. Jingine ni paka. Ndege aliyetoka mdomoni mwa paka ahesabiwe mgonjwa hata kama huoni tone la damu, kwa sababu meno ya paka hutoboa tundu dogo mno na kuacha vijidudu ndani, na ndege hufa baada ya siku moja au mbili huku mwenyewe ukidhani amepona.

Sasa hayo maziwa.

Sisi watu wa Pwani tuna imani kubwa na maziwa. Mtoto akila sumu, maziwa. Mgeni akifika amechoka, maziwa. Lakini maziwa ya kila mnyama yamepikwa kwa ajili ya tumbo la mwanawe, mafuta yake kwa kipimo chake, sukari yake kwa kipimo chake. Ukimpa paa maziwa ya ng'ombe, tumbo linachafuka, anaharisha, maji yanamtoka mwilini, na yeye hana maji ya akiba. Hilo moja. La pili ni kwamba mnyama aliyepatwa na mshtuko au baridi hawezi kumeza sawasawa. Unachokimimina kinaingia mapafuni. Hata maji matupu yanaua kwa njia hiyo, na ndege ndio wepesi zaidi, kwani tundu la pumzi yao liko hapo hapo nyuma ya ulimi.

Kama unadhani natia chumvi, kawaulize wa ndovu. Daphne Sheldrick, aliyelea ndovu yatima hapa Kenya, alihangaika miaka mingi kabla ya kupata maziwa ya kumfaa ndovu mchanga. Ndovu wadogo walikuwa wakifa mkononi, maana mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayapatani nao. Kilichofungua mlango kilikuwa mafuta ya nazi. Nilipoisikia hiyo nilicheka peke yangu. Marehemu mama yangu aliamini hakuna kisichotengenezeka kwa nazi, na kumbe hata ndovu wa Tsavo wangemuunga mkono. Leo wale watoto hulelewa Nairobi, pale kwenye mbuga, na walezi hulala nao usiku kwa zamu. Zamu yenyewe ina sababu yake: Aisha, ndovu mchanga wa kwanza kunywa maziwa hayo akanawiri, alimzoea Daphne peke yake, na Daphne aliposafiri kwenda harusini akakataa kula mpaka akafa. Kule Samburu, kituo cha Reteti kilichofunguliwa mwaka 2016 na wenyeji wenyewe, wanatumia maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kwa kina mama wa pale. Kwa hiyo siyo kwamba maziwa ni haramu. Mwenye kuyapima ni mtu aliyesomea kazi hiyo, wala si mimi na chupa yangu ya dawa ya kifua.

Nilipata nafasi ya kulithibitisha somo hili mwaka mmoja baada ya yale mazungumzo.

Ilikuwa Jumamosi, kama saa moja na nusu asubuhi. Nilisikia mlio mkali kama wa gurudumu la lori likipasuka, redio ya jirani ikazima, kisha kitu kizito kikaanguka mchangani. Nilijua kabla sijageuka. Wanaoishi Diani wanajua: mbega hupita juu ya miti, na mti ukikatwa hupita juu ya nyaya za stima. Akishika waya mmoja haidhuru. Akigusa wa pili, au transfoma, kwisha.

Alikuwa jike. Zile nywele nyeupe za mabegani zilikuwa zimeungua upande mmoja, harufu ni ile ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa kwenye makaa. Tumboni mwake paliganda kitu cheupe. Nilidhani ni nywele zake mwenyewe, mpaka kikageuza kichwa. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pee, uso wa waridi, rangi nyeusi huja baada ya miezi. Huyu hakuwa na alama nyeusi hata moja. Alikuwa amezikamata nywele za mamake kwa vidole vinne vinne, nikatazama mara mbili, kidole gumba hakipo. Ndivyo walivyo wote. Gumba lao ni kijinundu tu.

Watu wakajaa. Vijana wa bodaboda, mlinzi wa nyumba ya pili, dereva wa tuktuk na abiria wake. Mmoja ana simu juu. Mwingine keshamenya ndizi. Kisha mtu mzima mmoja, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa, akasema, "Mpeni maziwa huyo mtoto, si yapo hapo kwa mama wa chai?"

Maziwa yenyewe yalikuwa yangu, yako jikoni yanaanza kuumuka.

"Hapana, mzee wangu," nikasema. "Samahani. Hapa hakuna wa kumpa chochote." Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyokusudia, naye akanitazama kama niliyemnyima yatima haki yake. Ndizi nayo nikaizuia. Mbega si tumbili. Yeye ni mla majani, tumbo lake limegawanyika vyumba kama la mbuzi, na ndani yake mna vijidudu vinavyolichachusha jani mpaka liwe chakula. Ukimtilia tunda tamu lililoiva unavivuruga. Watalii wengi hawalijui hilo, na wenyeji wengi tu pia.

Kwanza nilitazama juu kama kuna waya ulioning'inia, kwa sababu anayeokoa bila kutazama nyaya naye huokotwa. Kisha nikapiga simu. Kijana akapokea, akaanza kuniongoza kama anayemwelekeza mtu njia: usimbandue mtoto kwa mamake, hata kama mama ameshakufa, kwa kuwa pale ndipo anapopata joto. Wafunike wote wawili kwa kitambaa chepesi, acha nafasi ya hewa. Giza linamtuliza. Watu wasogee, pikipiki zizimwe. Akiachia mwenyewe, viringisha nguo nene awe na cha kukumbatia, mtoto wa mbega asipokuwa na kitu mikononi huchanganyikiwa, kisha umweke ndani ya katoni yenye matundu. Na usimkoholee.

Hilo la mwisho lilinishtua. Nilikuwa na mafua. Kumbe mafua yetu yanawapata, na yanaweza kuwaua. Nikajifunga mtandio puani, nikatandaza leso yangu juu yao, nikakaa umbali wa kama hatua kumi nikimfukuza mbwa wa mlinzi kwa mwiko.

Juu ya mti wa mkungu kundi lao lilikuwa halijaondoka. Dume lilikuwa linanguruma ile sauti yao ya chini kama injini inayokataa kuwaka, na majike wawili walikuwa wameshuka hadi matawi ya chini kabisa wakichungulia leso. Nilijifunza baadaye kwamba mbega majike hushirikiana kubeba watoto, na ndiyo sababu wataalamu hujaribu kwanza kumrudisha mtoto kundini kama ni mzima. Mtoto aliyechukuliwa kilomita kumi na mtu mwema, akafichwa nyumbani siku nne, kundi lake hujui tena liko wapi. Kwa hiyo mahali ulipomkuta paandike. Siyo "Diani", bali nguzo ipi, lango lipi.

Walifika baada ya dakika 40. Mama alikuwa amekufa. Mtoto alikuwa na kiganja kilichoungua, hivyo hawakuweza kumrudisha siku ile. Aliishi siku 9. Kijana alikuja kunywa chai akaniambia waziwazi, bila kuzunguka: mtu akipigwa na stima, ndani huungua kuliko nje, na wapo hata mbega wanaoinuka na kukimbia mtini halafu wakafa baada ya siku kadhaa. Ndiyo maana ukiona ajali hiyo toa taarifa hata kama mnyama ameondoka kwa miguu yake. Nilihuzunika, sitaki kudanganya. Lakini nililala usingizi. Huyu angalau sikumuua mimi. Leso yangu ililetwa imefuliwa na kukunjwa.

Diani tuna bahati. Colobus Conservation, shirika la kuwalinda mbega, iko hapa tangu mwaka 1997. Ndio waliotundika zile ngazi za kamba zinazovuka barabara ambazo wageni hudhani ni mapambo ya hoteli. Wadigo huwaita mbega kuluzu, na hicho kituo zamani kilijulikana kwa jina la Wakuluzu. Watamu wana Local Ocean Conservation kwa ajili ya kasa. Mvuvi akimnasa kasa wavuni anawapigia badala ya kumchinja. Ndege wala nyama, tai na mwewe na bundi, wana hospitali yao Naivasha. Kwingine kote Kenya ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na Tanzania ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya huko, au mamlaka ya hifadhi iliyo jirani nawe. Nambari zao zitafute leo, ungali huna shida, uziandike ukutani.

Na uandike mbili. Kuna mwaka bundi aligongwa na gari karibu na kibanda changu. Nikapigia ofisi moja ambayo sitaitaja, simu ikaita mpaka ikakatika, mara sita. Nikamtia kwenye katoni la mafuta ya kupikia, nikalifunika, nikaliweka chini ya meza penye kivuli, na wateja wawili wakahama kibanda siku ile kwa kuwa bundi ni mkosi. Saa tisa nikampata mtu kwa nambari ya pili. Wale wateja mmoja alirudi. Mwingine mpaka leo ananunua kwa mwenzangu wa upande wa pili.

Watu wengine hawapigi simu kwa woga. Wanajua kukaa na mnyama wa porini bila kibali ni kosa, kwa Kenya kwa sheria ya mwaka 2013 na kwa Tanzania kwa ile ya 2009, basi wanaona heri wanyamaze. Woga huo unajizaa wenyewe: kadiri unavyochelewa ndivyo unavyozidi kufanana na mfugaji. Piga saa ile ile, ujieleze, simu yenyewe itakuwa shahidi wako.

Kuhusu kuumwa sina maneno mengi. Popo usimguse kwa mkono mtupu. Mnyama yeyote wa porini asiyekuogopa, anayekujia kama mbwa wa nyumbani, mwogope wewe. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo ukachome sindano ya kichaa cha mbwa. Usingoje uone. Kichaa kikishaonyesha dalili hakina dawa. Na ukiwakuta tumbusi wengi wamekufa pamoja kando ya mzoga, usiwashike. Aghlabu ni sumu iliyotegewa fisi au simba, nayo hupita kwenye ngozi.

Kasa nao tunawakosea kwa huruma. Kasa anayeelea asiyeweza kuzama hajasahau kuogelea. Mara nyingi ni mgonjwa, pengine amemeza plastiki na tumbo limejaa hewa. Watu humsukuma kurudi baharini, wakapiga makofi, wakaenda zao. Tenda wema nenda zako, walisema wahenga, lakini siyo kabla hujajua kama ni wema. Mweke kivulini, usimpindue chali, mfunike gamba kwa taulo lililoloa, pua ziwe wazi, upige simu.

Juzi mtoto wa jirani alinijia mbio na sweta la shule amelikumbatia. Ndani mna kinda wa mnana, manyoya ndiyo kwanza yanachomoza kama vijiti vya kiberiti, mdomo wazi.

"Shangazi, kaangushwa na mamake. Nimempa jina."

"Kabla ya jina, umemwokota wapi?"

Chini ya mnazi nyuma ya msikiti. Tukaenda. Viota vinaning'inia juu kabisa, hapana wa kupanda. Nikachukua pakacha kuukuu, tukaitandika nyasi kavu, tukaifunga kwenye kichipukizi cha mwarobaini kilicho karibu, tukamweka kinda humo. Mtoto akasema bibi yake amemwambia kwamba ndege akishaguswa na mtu mamake humkataa kwa harufu. Hata mimi niliambiwa hivyo nilipokuwa mdogo. Ndege wengi hawategemei harufu kumjua mtoto. Wanamjua kwa mahali alipo na kwa kelele zake, na huyu kelele alikuwa nazo.

Tukakaa ng'ambo, juu ya kreti la soda.

"Tumpe kipande cha hamri?"

"Hapana."

"Maziwa?"

Nikamtazama. Akacheka, nadhani kwa jinsi nilivyomtazama.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Mara ndege wa manjano akatua kwenye ncha ya kuti, akashuka tawi la mwarobaini, akapanda tena, akashuka. Mdomoni ana kitu cha kijani, panzi au kiwavi, sikuona vizuri. Mtoto akanishika mkono. Kutoka kibandani mteja akapaza sauti, "Mama, mbaazi zinaungua!"

Nikamwambia aziteremshe yeye.